Dakika 17 za Joplin: uchambuzi wa kisa cha tonado ya 22 Mei 2011

Kisa hiki cha mji wa Joplin, Marekani, ni cha kweli. Jina la mji na tarehe vimebaki kama vilivyo, kwa kuwa tukio lenyewe linajulikana dunia nzima. Majina ya watu, hospitali, maduka na makao ya wazee yameondolewa, kwa sababu lengo hapa ni kujifunza, wala hatumtafuti wa kumlaumu.

Katika historia ndefu ya tonado zilizoua watu wengi, nimechagua hii kwa sababu moja. Onyo rasmi lilitolewa dakika 17 kabla tonado haijagusa ardhi, muda ambao kwa vipimo vya fani hii ni mzuri. Hata hivyo watu 158 waliuawa nayo moja kwa moja. Yeyote anayeshughulika na taarifa za hatari, awe mtabiri wa hali ya hewa, ofisa wa maafa, mtangazaji wa redio au mwenyekiti wa mtaa, anapaswa kujiuliza zile dakika 17 zilikwenda wapi.

Usuli

Tonado ni nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi kubwa, inayoshuka kutoka kwenye wingu la radi mpaka ardhini. Nyingi huishi dakika chache tu na kuvunja matawi ya miti. Chache huwa kubwa kiasi cha kufuta mtaa. Marekani hupata zaidi ya 1,000 kwa mwaka, kuliko nchi nyingine yoyote, kwa kuwa hewa ya joto na unyevu inayotoka Ghuba ya Mexico hukutana na hewa kavu inayotoka upande wa milima ya Rocky, huku upepo wa juu ukivuma kwa kasi na mwelekeo tofauti na ule wa chini. Tofauti hiyo ya upepo ndiyo inayolifanya wingu zima lianze kuzunguka.

Vifo vingi zaidi vilivyosababishwa na tonado moja nchini humo vilitokea tarehe 18 Machi 1925. Tonado ilipita Missouri, Illinois na Indiana kwa takriban saa tatu na nusu, ikakata kilomita 352 na kuua watu 695. Hapakuwa na onyo lolote. Enzi hizo watabiri wa serikali hawakuruhusiwa kuitaja tonado katika utabiri wao, kwa hofu kwamba wananchi wangetaharuki. Mwaka 1948 ndipo maofisa wawili wa jeshi la anga, Ernest Fawbush na Robert Miller, walipotoa utabiri wa tonado katika kambi ya Tinker, Oklahoma, na tonado ikafika kweli siku hiyohiyo. Tangu hapo kazi iliendelea. Mlipuko wa tarehe 3 na 4 Aprili 1974, uliozaa tonado 148 katika majimbo 13 na kuua watu zaidi ya 300, ulimpa mtafiti wa tonado Tetsuya Fujita na wenzake data za kuelewa jinsi dhoruba hizi zinavyofanya kazi. Miaka ya 1990 zikaja rada za Doppler, zenye uwezo wa kuona mzunguko ndani ya wingu kabla tonado haijashuka.

Ndiyo maana kufikia mwaka 2011 wataalamu wengi waliona kuwa tonado moja kuua watu zaidi ya 100 ni jambo lililokwisha. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1953, huko Flint, Michigan. Kisha tarehe 27 Aprili 2011 siku moja ya tonado nyingi iliua watu zaidi ya 300, wengi wao katika jimbo la Alabama. Wakazi wa Joplin waliona picha hizo kwenye televisheni zao. Zamu yao ilifika kabla mwezi haujaisha.

Joplin ni mji wa watu wapatao 50,000 kusini-magharibi mwa Missouri, karibu na mpaka wa Kansas na Oklahoma. Ulikua kutokana na migodi ya risasi na zinki. Ardhi yake ina mawe na maji hayako mbali na uso wa nchi, kwa hiyo nyumba nyingi hazina chumba cha chini ya ardhi. Mji haukuwa na hata jengo moja la umma lililojengwa mahususi kwa ajili ya watu kujikinga na tonado. Jambo hilo litaturudia katika uchambuzi.

Mfululizo wa matukio

Ilikuwa Jumapili. Shule ya sekondari ya mji ilikuwa na mahafali, ambayo yalifanyika katika ukumbi wa chuo kikuu na si shuleni. Saa 7:30 mchana Kituo cha Utabiri wa Dhoruba kilitoa angalizo kwa eneo zima, yaani hali ya hewa inaruhusu tonado kutokea, kuanzia wakati huo hadi usiku.

Saa 11:09 jioni ofisi ya hali ya hewa ya Springfield, mji mwingine wa Missouri, ilitoa onyo la kwanza, kwa dhoruba iliyoelekea upande wa kaskazini wa mji. Onyo ni hatua ya juu kuliko angalizo: maana yake hatari imeonekana kwenye rada au kwa macho, kimbilia mahali salama. Saa 11:11 ving'ora vya mji mzima vililia kwa dakika tatu, kisha vikanyamaza.

Saa 11:17 likatoka onyo la pili, kwa dhoruba nyingine, na safari hii liligusa kusini mwa mji. Ving'ora havikulia. Kwa mtu aliyekuwa nyumbani hapo ndipo mambo yalipochanganyika: alisikia king'ora, akatoka nje, akaona mbingu imetulia kiasi, akarudi ndani akidhani yamekwisha.

Saa 11:34 tonado iligusa ardhi nje kidogo ya mji upande wa magharibi, na kwa muda mfupi ikapanuka. Mvua nzito iliifunika. Waliotazama magharibi waliona ukuta mweusi wa mvua, bila ule mkia unaoonekana kwenye picha. Saa 11:38 ving'ora vililia kwa mara ya pili. Tonado ilikuwa tayari inaingia mjini.

Ilipita katikati ya makazi, ikapiga hospitali kubwa, shule ya sekondari na maduka makubwa ya barabara kuu, kisha ikaendelea mashariki hadi ilipotoweka mnamo saa 12:12. Njia yake yote ilikuwa na urefu wa kilomita 35 hivi, na kilomita kama 10 kati ya hizo zilikuwa ndani ya mji. Mahali penginepo upana wake ulifika kilomita 1.6. Baadaye ilipewa daraja la EF5, ambalo ni la juu kabisa, lenye upepo wa zaidi ya kilomita 320 kwa saa.

Maamuzi na sababu zake

Tuanze na ving'ora, maana ndivyo vilivyolaumiwa zaidi, na kwa maoni yangu lawama hiyo imepewa mahali ambapo si pake. Utaratibu wa mji ulikuwa kupiga king'ora mara moja kwa dakika tatu, hata kwa upepo mkali usio wa tonado. Msimamizi wa maafa alipiga mapema, akiwa na onyo la saa 11:09 mkononi, hata kabla hatari haijaelekezwa moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya mji. Alitaka watu wawe na muda. Kupiga tena saa 11:38 kulikuwa nje ya mazoea, naye alifanya hivyo kwa sababu taarifa za tonado yenyewe zilikuwa zimemfikia. Kwa maelezo aliyokuwa nayo, maamuzi yote mawili yana mantiki. Tatizo ni kwamba mkazi hakuwa na njia ya kujua kama sauti ileile ina maana ya upepo, ya dhoruba ya jirani au ya kifo kilicho mlangoni.

Maamuzi ya wakazi ndiyo kiini cha kisa hiki. Baada ya tukio, timu ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ilihoji karibu watu 100. Walio wengi walisema walisikia onyo la kwanza lakini hawakwenda kujikinga papo hapo. Walitafuta uthibitisho: wakawasha televisheni, wakampigia ndugu, wakatoka barazani kutazama mawingu. Wengine walisema ving'ora hulia mara nyingi mno hapo mjini. Wengine walikuwa na imani ya miaka kwamba dhoruba kubwa hupita pembeni mwa Joplin. King'ora cha pili, kwa kuwa hakikuwa cha kawaida, ndicho kilichowashtua wengi.

Ni rahisi kuwaita wazembe. Lakini wakati huo takriban maonyo matatu kati ya manne ya tonado nchini Marekani hayakufuatiwa na tonado. Mtu aliyekimbilia bafuni mara nne na kutoka mara tatu bila kuona chochote amefundishwa na mfumo wenyewe kusubiri kidogo. Tabia hiyo tunaijua hata kwetu: mvuvi wa pwani aliyeambiwa asiende baharini, akakaa nyumbani na bahari ikabaki shwari, safari inayofuata atapima kwanza kwa jicho lake.

Hospitalini uamuzi ulikuwa wa haraka na sahihi. Wafanyakazi walikuwa wamefanya mazoezi ya tukio kama hilo. Walipopata taarifa waliwatoa wagonjwa vyumbani, mbali na vioo, wakawasogeza kwenye korido. Jengo lilikuwa na wagonjwa 183 na dakika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Waliohamishwa mapema kidogo walikwepa vioo vilivyopasuka sekunde chache baadaye.

Madukani kila meneja aliamua kivyake. Katika duka moja dogo la kituo cha mafuta, watu kama 20, wengi wao wasiojuana, walijibana ndani ya chumba cha kuhifadhia vinywaji baridi. Duka lote lilibomoka, chumba kile kikabaki, na watu wakatoka hai. Katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi hali ilikuwa tofauti. Kuta zake zilikuwa vibao vikubwa vya zege vilivyoshikiliwa juu na paa jepesi. Paa lilipong'olewa, kuta zikakosa mshikio na kuanguka, na watu kadhaa wakafa chini yake.

Matokeo

Waliokufa moja kwa moja ni 158. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia (NIST), iliyofanya uchunguzi wa kina na kutoa ripoti mwaka 2014, ilihesabu vifo 161. Zaidi ya watu 1,000 walijeruhiwa. Nyumba za makazi karibu 7,500 ziliharibiwa, pamoja na majengo ya biashara na huduma zaidi ya 500. Hasara ilikadiriwa kuwa dola bilioni 2.8 hivi. Hakuna tonado nyingine moja iliyoua watu wengi kiasi hicho Marekani tangu ile ya Woodward, Oklahoma, mwaka 1947.

Hospitalini walikufa wagonjwa 5 na mgeni 1. Nguzo na sakafu za jengo zilisimama, lakini vioo, dari, mabomba na jenereta viliharibika, na jengo likawa giza. Wafanyakazi waliwatoa wagonjwa wote kwa takriban dakika 90, wakiwashusha kwa ngazi juu ya magodoro na milango, kisha kuwapakia kwenye magari ya watu binafsi. Hospitali ya pili ya mji, iliyo karibu na hapo, ilipokea mamia ya majeruhi usiku huohuo.

Vifo havikuisha siku hiyo. Siku iliyofuata askari mmoja aliyetoka mji mwingine kuja kusaidia alipigwa na radi, na baadaye akafariki. Ndani ya majuma yaliyofuata madaktari waliona vidonda visivyopona. Kuvu wa udongoni, *Apophysomyces trapeziformis*, walikuwa wamesukumwa ndani ya mwili pamoja na vipande vya mbao na mchanga. Watu 13 waliugua, 5 wakafa. Hilo linastahili kuwekwa kichwani na kila anayetibu majeruhi wa maafa ya aina hii, hata penye mafuriko: kidonda kilichoshonwa kikiwa na uchafu ndani kinaweza kuua baada ya wiki.

Shule zilifunguliwa tarehe 17 Agosti 2011, siku ileile iliyokuwa kwenye kalenda kabla ya tonado. Wanafunzi wa sekondari walisomea kwenye jengo la duka lililogeuzwa madarasa.

Uchambuzi

Sayansi ilifanya kazi yake. Angalizo lilitoka saa nne kabla, onyo lilitoka dakika 17 kabla. Mazoezi ya hospitali yalilipa. Majirani ndio waliowafukua majirani katika saa za mwanzo, kabla vikosi havijafika, kama inavyotokea karibu kila mahali duniani. Pia palikuwa na bahati ambayo hakuna aliyeipanga: siku ilikuwa Jumapili, shule zilikuwa tupu, na mahafali yalikuwa ukumbi mwingine. Picha zilizopigwa ndani ya shule ya sekondari zinaonyesha korido zimejaa vifusi, na korido ndiko wanafunzi walikofundishwa kujificha. Nikizitazama picha hizo nafikiria Jumatatu.

Kilichoshindwa kwanza ni ujumbe. Onyo la tonado ndogo na onyo la tonado ya kufuta mji yalisomeka karibu sawa. Mtabiri aliona mzunguko mkali kwenye rada, lakini maneno aliyopewa kuyatumia hayakuwa na ngazi ya kuonyesha wasiwasi wake. Halafu onyo lilifafanua eneo kwa ramani, wakati king'ora hakijui ramani. Kinalia kaskazini na kusini kwa pamoja. Mwaka huo simu za mkononi zilikuwa bado hazipokei maonyo ya serikali moja kwa moja. Huduma hiyo ilianza mwaka uliofuata.

Cha pili, na hiki naamini ndicho kizito zaidi, ni majengo. NIST ilikuta kwamba vifo 135 kati ya 161 vilihusiana na majengo kushindwa. Kwa maneno mengine, wengi wa waliokufa walikuwa ndani, na baadhi yao walitii onyo. Walikwenda bafuni, kwenye kabati, kwenye korido, kama walivyoelekezwa, na nyumba ikawaangukia au ikapeperushwa pamoja nao. Katika makao ya wazee, ambako wakazi hawawezi kukimbia na jengo ni la mbao, walikufa zaidi ya 10. Kanuni za ujenzi za eneo lile zilitaka nyumba ihimili upepo wa kilomita 145 hivi kwa saa, na hazikuzungumzia tonado hata kidogo.

Hoja ya kawaida ni kwamba hakuna nyumba inayoweza kuzuia EF5, kwa hiyo hakuna haja ya kujisumbua. Hoja hii ni potofu na imegharimu maisha. Hata ndani ya tonado ya daraja la juu kabisa, upepo wa kutisha zaidi hupiga ukanda mwembamba. Sehemu kubwa ya njia yake hupata upepo wa madaraja ya chini, ambao nyumba iliyofungwa vizuri kwa boliti kwenye msingi na kwa vibano vya chuma kwenye paa inaweza kuuhimili. Na kwa ule ukanda mwembamba, chumba kimoja cha zege au chuma ndani ya nyumba kinatosha kuokoa familia. Lawama zote zikienda kwa mtu aliyesimama barazani, nani atamwuliza aliyeidhinisha michoro?

Mabadiliko yaliyofuata yanagusa pande zote mbili. Aprili 2012 ofisi za hali ya hewa za Kansas na Missouri zilianza kujaribu maonyo yanayotaja madhara yanayotarajiwa kwa lugha kali zaidi kadiri hatari inavyoongezeka, na baadaye utaratibu huo ukaenea nchi nzima. Joplin ilianza kudai boliti na vibano katika nyumba mpya, na shule zake zikajengewa vyumba vya kujikinga vinavyoweza kutumiwa na jamii. Hospitali mpya, iliyofunguliwa mwaka 2015, ina vioo vilivyoimarishwa, na umeme wake wa dharura unapita kwenye handaki. Mwaka huohuo kanuni ya kitaifa ya mfano ya ujenzi ilianza kutaka vyumba vya kujikinga katika shule mpya za maeneo yenye hatari kubwa zaidi. Mwaka 2022 kiwango cha wahandisi cha Marekani kiliingiza kwa mara ya kwanza sura ya nguvu za tonado. Imechukua karibu karne moja tangu 1925.

Walio katika njia hiyo leo

Wasemaji wa Kiswahili sasa wako ndani ya eneo hili la tonado: Wakongomani, Warundi, Wakenya na Watanzania wanaoishi Missouri, Kentucky, Iowa, Texas na kwingineko. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2021 tonado moja iliua watu 57 magharibi mwa Kentucky. Usiku uleule nyingine ilipiga Bowling Green, mji uliopokea wakimbizi wengi, wakiwemo kutoka Kongo. Ujumbe wa dharura kwenye simu huja kwa Kiingereza, na kwa Kihispania kwa aliyeiweka simu yake katika lugha hiyo. Mama aliyefika majuzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, anasikia simu ikipiga kelele usiku, anaona maneno asiyoyasoma, na dakika zake ni chache kuliko zile za Joplin kwa sababu lazima kwanza amwamshe mtoto amtafsirie.

Kwa makanisa, misikiti na vyama vya wanajamii huko, kazi inayowezekana hata kabla ya msimu wa masika ni hii: kila familia ijue jina la kaunti yake, maana onyo hutaja kaunti, ijue kwamba *watch* ni angalizo na *warning* ni kukimbia sasa hivi, ichague chumba cha ndani kisicho na dirisha, ghorofa ya chini kabisa. Wanaoishi kwenye nyumba za kuhamishika, ambamo hutokea sehemu kubwa ya vifo vya tonado Marekani, wapange mapema ni jengo gani imara watakwenda, na waondoke wakati wa angalizo, si wakati wa onyo. Mtu mmoja katika kila kundi la WhatsApp achukue jukumu la kutuma sauti kwa Kiswahili mara onyo linapotoka, akitaja kaunti na muda. Sauti ya mtu anayefahamika, kwa lugha inayoeleweka, ndio uthibitisho ambao wakazi wa Joplin walikuwa wakiutafuta barazani saa 11:17 jioni ile.